Paka wa Twahiru, Mkorosho wa Jafari

Mbagala, Dar es Salaam
18 Machi 2024

Dada Mwanahamisi,

Shikamoo. Funga huku tunaimudu, ingawa joto la Mbagala mwezi huu halina adabu. Asia anakusalimu sana. Uji wake wa pilipili manga bado mwepesi kama maji ya kunawia mikono, lakini nanywa na kumshukuru, maana nataka amani nyumbani. Watoto wazima. Mimi pia mzima, isipokuwa goti la kulia.

Naandika barua kama mtu wa zama za posta kwa sababu simu yako haipokelewi. Nimeanza kupiga tangu Januari. Inaita, inaita, inakata. Siku moja ulipokea, ukasema, "Nani? Wewe? Andika," ukakata. Haya, naandika. Barua itakuja na kondakta wa basi pamoja na tende na sukari. Tende usimpe bwana shamba Isaya, yule ana mdomo wa kula na wa kusema.

Ule ukurasa wangu wa Jumapili gazetini unaendelea, wa visa vya historia, sayansi na vituko vya watu na pesa zao. Safari hii nimeandika juu ya mradi wa karanga. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walipungukiwa mafuta ya kupikia. Wakubwa wao wakakaa ofisini kwao, wakatandaza ramani, wakaamua nchi yetu igeuke shamba la karanga. Wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kwa vifaru vya vita. Vichaka vikayameza. Mvua nayo haikuwahi kuisoma ile ramani. Inasemwa karanga walizonunua za mbegu zilizidi walizovuna. Na mradi ukiwa unakata roho, bado wakaendelea kumalizia bandari yetu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, ije kubeba karanga ambazo hazipo. Reli yenyewe ikaja kung'olewa.

Unajua kwa nini hawakuacha mapema? Kwa sababu walikwishatumia sana. Mtu mzima na tai yake shingoni anaongeza hasara ili ile ya kwanza isionekane hasara! Wachumi wana jina refu la ugonjwa huo. Mimi nauita upumbavu wa kusubiri.

Ndiyo nikaukumbuka ule mkorosho wa nyuma ya jiko. Isaya ameniambia umejaa ubwiri unga mpaka majani meupe, hauzai, na unaiambukiza mikorosho mingine yote. Anasema ukatwe, kisiki kibebeshwe, yaani kiungwe, vikonyo vya mbegu mpya kutoka kwa watafiti wa Naliendele. Kwa nini usikatwe?

Nasra msalimie. Hajambo?

Mdogo wako,
Twahiru


Mahurunga
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Twahiru,

Marahaba, na Idi mubaraka. Tumeswali salama, tumekula wali wa bondeni, mvua inanyesha kama imetumwa. Paa la jiko linavuja pale pale ulipoahidi kuliziba. Mihogo imesimama vizuri. Tende zimefika. Ama kondakta kala nusu, ama wewe ulituma nusu, na nawajua wote wawili.

Gazeti lako limenifikia likiwa limefungia sukari. Nimelisoma. Sasa sikiliza, msomi. Babu yetu alibeba mataruma ya reli hiyo mabegani. Ujira wake akanunua baiskeli, na kwa baiskeli hiyo ndiyo bibi akakubali kuolewa naye, maana kwa sura asingempata. Kwa hiyo mradi huo wa wajinga ndio uliokuzaa wewe. Ungeukejeli kwa heshima kidogo.

Mkorosho wa nyuma ya jiko una mwenyewe. Hata wewe unamjua, hukumtaja tu. Baba aliupanda Jafari mwanangu alipotimiza siku arobaini. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na ardhi na miti ikawa ya mwingine, au umeshasahau hata hilo? Ardhi ni yangu. Mkorosho ni wa Jafari. Anayeokota korosho zake ni Nasra, mkewe. Mwenyewe hajasema ukatwe, akirudi ataamua.

Isaya mwambie asichanganye elimu yake na umbea.

Na usinipigie. Simu ile nataka laini iwe wazi.

Nasra hajambo. Kwa nini umemuuliza yeye peke yake, na mbuzi wangu hukuwauliza?

Dada yako,
Mwanahamisi


Mbagala
19 Mei 2024

Dada,

Shikamoo tena. Barua yako imechelewa kwa sababu mvua na upepo vimekata barabara kule Somanga. Kondakta anasema walilala njiani na magunia ya mihogo mpaka wakaanza kuitana ndugu. Huku nyumba yetu maji yaliingia sebuleni, Asia akapandisha makochi juu ya meza, nami nikaandika makala nimekaa juu ya jokofu. Wahariri hawana huruma.

Kwanza hili la simu. Laini haibanwi, Dada. Nilikwisha kueleza na narudia kwa maandishi. Ukiwa unaongea na mimi, mwingine akipiga, simu inalia mlio mdogo sikioni na yeye anaambiwa asubiri. Imevumbuliwa zamani. Kukaa na simu isiyopokelewa mezani miaka mitano, imevishwa soksi ya watoto isiingie vumbi, si akili. Ni kitu cha kuwekwa makumbusho.

Pili, Jumapili hii nimeandika juu ya kangomba. Niliwatukana wote. Mkulima anaiuza korosho ingali ua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida iko leo na mavuno yako Oktoba. Wachumi wamefanya majaribio hata kwa watoto: unampa pipi moja sasa, au unamwambia angoje apate mbili. Wengi wanaila ile moja. Msomaji mmoja kutoka Chikongola kanipigia simu kunitukana, anasema mimi sijawahi kulala njaa. Nikamwambia goti langu limelala njaa mara nyingi.

Lakini kuna mjinga wa aina ya pili, ambaye sikumwandika kwa kuwaheshimu wasomaji. Huyu haiuzi kesho kwa bei ndogo. Anainunua kwa bei yoyote. Anatoa leo yake yote, anatoa na ya jirani, ili apewe kesho ambayo hakuna hata mtu mmoja aliyeiona. Wa kangomba nitamsamehe, njaa ilimshika. Huyu wa pili hashikwi na chochote ila ukaidi wake.

Nafikiri umenielewa. Kama hukunielewa, basi ni makala tu.

Nasra anaendeleaje? Bado anakaa na wewe chumba cha uani?

Twahiru


Mahurunga
25 Juni 2024

Twahiru,

Hajj imepita salama. Tumechinja yule beberu mwenye kiburi, na nyama yake ilikuwa ngumu kama tabia yake. Mapaja tumempelekea jirani aliyefiwa. Mvua zimekatika, mikorosho inaanza kutoa maua, na ni wakati wa salfa ya kuua ubwiri. Nimekodi mashine, kijana kapuliza shamba zima. Mkorosho wa Jafari nimesimama mwenyewe nikahakikisha umepata mara mbili. Isaya akasimama pembeni anatikisa kichwa. Kaambiwa na nani kwamba namlipa kwa kutikisa kichwa?

Kwa hiyo ulikwenda chuo, ukakaa miaka, ukarudi kutuambia kwamba mwenye njaa anataka kula leo. Ama kweli serikali ilipoteza mkopo. Na hao watoto wa pipi, nani aliwaambia kwamba yule mzungu atarudi kweli na pipi ya pili? Mimi ningekuwa mama yao ningewaambia kula hiyo, mwanangu, watu wazima waongo.

Wewe unatafuta visa vya ajabu kwenye vitabu. Chukua hiki, hutanilipa. Bibi mzaa mama alizaliwa Kionga, ng'ambo ya mto, kwenye ile pembe ya nchi pale mdomoni mwa Ruvuma. Mjerumani aliitwaa kwa Mreno, wakati wa vita ya kwanza Mreno akaichukua tena. Bibi akasema alilala kwa Mjerumani akaamka kwa Mreno na mkeka wake haukusogea. Wamegombania mchanga wale, na mto wenyewe kila masika unahamisha mdomo wake unakotaka. Kisha bibi akavuka huku kuolewa, akarudi kule kuzika mama yake, akavuka tena. Mto huu si ukuta. Watu huenda, hukaa, hurudi. Wengine hukaa sana.

Andika hilo Jumapili.

Nasra hajambo, anakaa chumba cha uani kama siku zote, mwanamke wa kutulia. Ila tuna usumbufu. Kuna mwuza chumvi wa Mikindani anaitwa Saidi, mjane aliyefiwa na mke, ana pengo la mbele ambalo anacheka nalo bila aibu. Kila Ijumaa pikipiki yake inakatiza hapa. Chumvi tuliyonayo sasa ingekausha papa wa bahari nzima. Namwambia inatosha, anasema hii ni ya sadaka. Sadaka gani ya kila wiki? Nasra anaipokea bila kumtazama. Ningependa angemtazama, ningejua la kusema.

Wewe unamjua mtu huyo?

Mwanahamisi


Mbagala
28 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kuchelewa, gazeti limepunguza watu, na waliobaki tunabeba mizigo ya walioondoka. Asia kaanza biashara ya vitumbua, mimi ndiye mwonjaji mkuu, goti linazidi kulalamika. Kisa cha bibi nimekitumia, watu wamekipenda kuliko vyangu vyote, jambo ambalo sikulifurahia.

Watu wa chumvi siwajui. Mikindani ni kubwa.

Nikupe cha wiki hii. Cha sayansi. Mtaalamu mmoja wa Ulaya alitaka kuwakejeli wenzake, akawatungia kisa. Chukua paka, mfungie ndani ya sanduku pamoja na chupa ya sumu. Sumu huenda ikapasuka, huenda isipasuke. Hujafungua, hujui. Basi, akasema, kwa hesabu zenu nyinyi, kabla sanduku halijafunguliwa paka yule ni mzima na ni maiti kwa wakati mmoja! Yeye alikusudia waone aibu. Wao wakakipenda kisa, na mpaka leo watu wazima wenye ndevu wanakisimulia kwa unyenyekevu.

Upuuzi mtupu. Hayo labda yapo kwa vile vitu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Kwa paka hayapo. Paka ama yupo ama hayupo, na kuliketia sanduku lake hakumsaidii yeye wala anayeliketia. Na wale walio chumbani pamoja na sanduku wana haki ya kula, kulala, kuolewa na kuzaa bila kuambiwa kila siku nyamazeni, paka hajatoa jibu.

Ndiyo hayo tu. Msalimie Isaya.

Twahiru


Mahurunga
6 Agosti 2024

Twahiru,

Salamu zako zimefika, zangu nazizuia.

Paka na kuolewa wapi na wapi?

Nilimsomea Nasra barua yako jikoni, tukicheka. Nilipofika hapo pa kuolewa yeye hakucheka. Akaweka mwiko chini. Akaniambia, "Mama, Saidi alishampigia simu mjomba. Tangu kabla ya Ramadhani."

Tangu kabla ya Ramadhani! Kwa hiyo ulikuwa unajua kabla ya barua ya kwanza. Mtu amekuja kwako kwa adabu, kwa sababu wewe ndiye mjomba wa Jafari, na huku kwetu mke huombwa na wajomba na huachiwa na wajomba. Nawe badala ya kufungua mdomo ukaniletea Waingereza. Ukaniletea pipi. Ukaniletea paka! Umenizunguka miezi yote hii kama mwizi wa kuku. Ungesema siku ile ile ningekutukana mara moja tukamaliza, ningelia wiki moja nikaamka. Wewe umenitukana kwa mafungu, na kila fungu umeliita elimu.

Huyo mtaalamu wako alikuwa na mama? Muulize mama wa paka kama anaona sanduku. Mwanangu alivuka pale Kilambo kwenda ng'ambo kuchomelea vyuma vya watu wa gesi, na begi la buluu, na mkate niliomfungia. Kule kukachafuka kwa vita. Simu yake ikazima. Sikuona sanduku, sikuona kaburi, sikuona mtu wa kuniambia hata neno moja la uongo. Unasema fungua. Nifungue nini, Twahiru? Mto?

Nasra nimemuuliza umri wake. Sikuwa nimeuliza siku nyingi. Alipotaja nikahesabu tena kwa vidole, kwa sababu kwenye akili yangu alikuwa bado bibi harusi. Hana mtoto. Hajaniomba lolote, tangu mwaka ule hajaniomba hata khanga. Shehe wa kata amemwambia kwa sheria mlango upo, amengoja zaidi ya inavyotakiwa. Lakini wazee wake wa Msimbati hawampokei mpaka mjomba wa mume aje, akae mkekani, aseme kwa kinywa chake, amkabidhi kwa mkono wake.

Basi njoo. Sisemi nakubali. Nasema njoo. Wewe mwenye maneno ya kila Jumapili, njoo useme moja siku ya kawaida. Mavuno yakianza wazee watakuwa na nafasi.

Mwanahamisi


Mbagala
29 Septemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Maulidi yamepita, natumaini mlisoma vizuri. Huku tumesoma msikiti wa karibu, pilau ilikuwa chache. Asia anaumwa mafua. Vitumbua vinauzika.

Nilikuwa nije. Tiketi nilikata. Goti likavimba, daktari kanikataza kukaa basi safari ndefu. Mhariri naye hana mtu wa kushika ukurasa. Na mtoto ana mitihani. Ukivipanga vizuri vyote hivi vinaonekana ni sababu. Najua utavipangua.

Nimeambatanisha karatasi nyingine, nimeandika kwa herufi kubwa, nimetia sahihi. Ni maneno ya mjomba. Mtu yeyote mwenye sauti anaweza kuyasoma mkekani. Nimewataja wazee wa Msimbati kwa majina, nimeomba radhi, nimetoa ruhusa. Kwa lugha ni karatasi nzuri.

Dada, nitakwambia kitu halafu usikirudie. Nimewadharau Waingereza kwa sababu hawakuweza kusema basi. Nimewadharau wanasayansi. Nimekudharau wewe na soksi ya simu yako. Nilikuwa nafikiri nikikudharau vya kutosha utachoka, utasema mwenyewe, mimi nitakuja kupiga dua na kula. Sikutaka neno hilo litoke kwangu. Yule mtoto nilimfundisha kusoma kwa magazeti ya zamani, pale pale nyuma ya jiko, na akawa ananisahihisha. Nikikaa mkekani nikasema mke wake aende, wazee wataondoka, Nasra ataondoka, na mimi nitabaki na sauti yangu mwenyewe masikioni.

Jafari. Haya, nimeliandika. Angalia barua zote za nyuma, halimo.

Nisamehe au usinisamehe. Kuja siwezi.

Twahiru


Mahurunga
17 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Asia ameze tangawizi na ndimu, aache vidonge vya dukani. Huku mnada wa pili wa korosho umepita, bei ya mwaka huu watu wananung'unika lakini wanapokea. Mbuzi mweupe kazaa mapacha. Paa la jiko nimeziba mwenyewe, kwa hiyo ahadi yako ile nimekufutia.

Wazee wa Msimbati walikuja Alhamisi. Wanne, na mmoja kiziwi. Nikatandika mkeka, nikaweka kahawa, tukaangaliana. Wakauliza, mjomba yuko wapi? Nikawaambia mjomba ameshikwa na goti, na goti lenyewe limepanda mpaka kichwani. Kiziwi ndiye aliyecheka kwanza, sijui alisikia nini.

Karatasi yako nilikuwa nayo kwenye fundo la khanga. Nikaifungua. Ebo! Twahiru, ile si ruhusa, ile ni hotuba. "Kwa mujibu wa hali halisi iliyopo." Nani anamwachia mtu mke kwa mujibu wa hali halisi? Niliikunja nikaiweka chini ya buli la kahawa, na imefanya kazi hiyo vizuri, mkeka haukuungua.

Nikasema mwenyewe. Wakaguna, wakasema mwanamke hakai nafasi ya mjomba. Nikawauliza, mliwahi kumwona mjomba huyo akiwa na nguo zilizofuliwa kabla mimi sijaacha kumfulia? Ujomba wake nimeulea mimi, ninaweza kuushika kwa asubuhi moja. Yule mkubwa wao akasema, "Endelea, mama."

Sikusema amekufa. Uandike hivyo kichwani mwako, maana sijui, na nisilolijua silisemi. Nilisema: Nasra alikuja kwetu mikononi mwa watu, amekaa na mimi vizuri kuliko nilivyokaa naye, na kuanzia leo hana wa kumngojea katika nyumba hii. Nikamshika mkono nikamtia mkononi mwa mjomba wake wa Msimbati. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikachukua kahawa, nikajimwagia khangani, na yule kiziwi akanishikia kikombe. Haya, sasa unajua. Wewe usingeweza. Hata mimi sikuweza, ila nilifanya.

Nililia walipoondoka. Nililia kwa sauti, mbuzi wakakimbia. Usije ukatafuta maneno mazuri ya hapo.

Saidi atamwoa baada ya eda aliyopangiwa na shehe. Bado ana pengo na bado anacheka nalo. Alileta chumvi tena, nikamwambia sasa imeshatosha kweli, akaniambia, "Hii ni yako, mama, si ya Nasra." Mjinga yule. Sikumrudishia.

Kabla ya kwenda, Nasra aliokota korosho za ule mkorosho kama kila mwaka. Zilikuwa chache, hazikujaza hata ungo. Sikuzipeleka mnadani. Tulizibangua tukazikaanga, tukakaa jikoni tukazila zote sisi wawili, na hatukuzungumza mambo ya maana. Alinifundisha kumpigia kwa ule ukurasa wa majina, si kwa kuandika namba.

Juzi Isaya alikuja na watu na msumeno wa mashine. Alijiandaa kunihutubia, nikamwambia kata. Ukakatwa. Atakuja kubebesha vikonyo kisiki kikichipua. Nimemwambia mkorosho mpya utakaozaa ni wa kijiji kizima akitaka, lakini mzizi ni wa Jafari, hapo hatuna mjadala. Na wewe nakuonya, usije ukaandika Jumapili kwamba kisiki kinachipua na kwamba maisha hivi na vile. Ni mkorosho. Uliugua ukakatwa.

Nyuma ya jiko sasa pana jua mpaka mlangoni. Sijalizoea.

Barua hii usiijibu kwa barua. Nimechoka kusoma mwandiko wako, na makondakta wamenilia tende za kutosha. Simu nimeivua soksi. Piga Ijumaa baada ya swala, nieleze la goti na la vitumbua, hata la paka kama huna lingine. Ule mlio mdogo wa sikioni uliousema, Nasra amenionyesha unavyolia. Mtu akipiga akanikuta naongea na wewe, nitausikia. Nitamwambia subiri kidogo, namalizia kumtukana mjomba wako.

Dada yako,
Mwanahamisi